Mkaguzi wa bima juu ya meza yetu

Jamani, leo mtu wa bima kaja kutoka mjini Chake kukagua nyumba yetu hapa Jadida, mvua ikamkuta ndani.

Masika haya maji yashatuingilia mara tatu. Nimechoka kukamua mazulia.

Akaipiga picha alama ya tope ukutani, akaniambia, "Bi Asha, ada yenu itapanda sana."

Maji yalishavuka kizingiti.

Mama akamwambia, "Panda mezani, mwanangu." Akapanda, viatu mkononi. (Wallahi nilitaka kucheka, nguvu sina.)

Nikamuuliza, "Na nyumba yako Chake umeikatia bima?"

Akainama. "Ofisi yangu imenikatalia. Nakaa bondeni."

Kisha akashuka, akakunja suruali, akaomba ndoo. Tumechota maji pamoja mpaka adhuhuri.

Wenzangu wa mabondeni, nyinyi mwafanyaje?