Jua Nyuma ya Kichwa cha Chefu

Chefu, msimamizi wa ujenzi, alimwamuru baba yangu amvunje mwanawe kwa nyundo, na baba akamvunja. Nasema mwanawe wa ukutani, yule tuliyemtengeneza kwa vipande vya vigae. Yule wa damu, kaka yangu mkubwa, alikuwa amelala makaburini tangu miaka miwili nyuma, baada ya homa ya siku sita.

Ilikuwa miaka ile ya abakosti, koti la kufunga shingoni, wakati suti na tai za wanaume zilipopigwa marufuku na kila asubuhi ya kazi ikaanza kwa kuimba sifa za Rais. Katikati ya mji wa Likasi kulikuwa na jengo la ghorofa tatu lililoachwa na wafanyabiashara wa kigeni. Madirisha yalikuwa yametolewa, popo wamejaa ndani, na ngazi pana za mbele zilikuwa za wauza karanga. Serikali ikaamua kuligeuza kuwa bureau, ofisi zake. Yakaletwa matofali, ikaletwa simenti, na chefu wa kazi akaletwa, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Mpango ulisema ukuta wa mbele, kando ya mlango mkubwa, uwekwe picha ya kuwatukuza wafanyakazi, ili kila apitaye aione.

Baba alikuwa amestaafu. Maisha yake yote aliyatumia Panda, mtaa wetu wa kiwandani, akijenga matofali ya ndani ya tanuru, na alipokuwa kijana mapadri walimfundisha kupanga mozaiki za vigae kanisani. Mwashi mmoja akamtaja kwa chefu, chefu akamwita. Mikono ya baba ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa hiyo nikaenda naye. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa ambayo sina hamu ya kuizungumzia. Baba alipanga, mimi nilikata vigae kwa koleo.

Tulifanya kazi miezi mitano. Tulitumia vigae vilivyovunjika, chupa za bia, mawe ya kijani ya malakiti yaliyookotwa, na ule uchafu mweusi wa tanuru unaong'aa kama kioo. Tulipanga wanaume wakiingia zamu ya asubuhi, baiskeli zao, akina mama wenye mabeseni kichwani, bomba la kiwanda na moshi wake. Jumamosi, watu waliposukumwa kuja salongo kuondoa kifusi bila malipo, walikuwa wakisimama chini ya jukwaa letu na kunyoosheana vidole. "Ile kinga ni yangu!" walipiga kelele wakionyesha baiskeli. "Angalia, ule ni minye, mimi mwenyewe!" Baba alicheka siku hizo kuliko nilivyowahi kumwona akicheka tangu msiba.

Karibu na mlango, mbele ya wote, alimweka kaka. Hakuniambia anafanya nini. Niliona tu anachagua vipande vya kahawia kimoja kimoja, anavilamba kwa ulimi apate kuona rangi yake ikilowa, anavirudisha, anachagua tena. Siku ya nne nilipanda na ndoo ya simenti nikakutana na macho ya kaka yangu. Sikulia. Nilikaa kwenye ubao wa jukwaa, miguu inaning'inia, tukatazama wote wawili mpaka simenti ikaanza kugandia ndooni. Nyumbani tulikuwa na picha yake moja tu, ile ndogo ya kitambulisho, na ilikuwa imeshafifia.

Wiki mbili kabla ya kazi kwisha, chefu akaja kukagua. Alisimama kwenye ngazi, mikono nyuma.

"Uyu wa mbele ni nani?" aliuliza.

Baba angeweza kusema ni kijana yeyote. Lakini hakuwa mtu wa kusema uongo. "Ni mutoto wangu, chefu. Alikuwa anatumika kiwandani. Alikufa."

"Alikufa? Munaniwekea mufu kwa mulango ya bureau ya Serikali?"

"Ni kumbukumbu tu, chefu."

"Mutoshe. Mumuvunje kwa nyundo."

Baba alidhani hakusikia vizuri. Chefu akarudia, safari hii kwa nguvu, waashi wote wakaacha miiko yao wakageuka. "Nimesema mutoshe! Leo, nikiwa hapa. Na pale mutaweka sura yangu. Nani alijenga hii nyumba? Ni uyu mufu?"

Nikasema mimi nitafanya, nikashika nyundo. Chefu akanipokonya na kumpa baba. "Aliyemuweka, yeye atamutosha."

Baba alipanda. Alianza na mabega. Alipofika usoni alisimama, akafunga macho, akapiga. Vipande vilikuwa vikinidondokea mimi niliyesimama chini, na chefu alikaa kwenye kiti alicholetewa, akila karanga, mpaka pakabaki shimo la kijivu. Kisha akapangusa mikono, akaingia kwenye gari lake.

Tulirudi Panda kwa miguu. Baba alitembea mbele. Alipofika alilala na viatu, na kesho yake hakuamka kwenda kazini, wala siku iliyofuata. Alisema mgongo unamuuma. Nilimpikia bukari, ugali wetu, na samaki, akala matonge mawili. Nilikaa mlangoni nikimsikiliza akigeuka kitandani, na hapo ndipo nilipoamua. Sikumwambia mtu, hata padri kwenye kitubio, kwa sababu padri angeniomba niache, na mimi sikutaka kuacha.

Nilikwenda kwa chefu nimevaa kitenge changu kizuri. Nikampigia goti kidogo. Nikasema baba anaumwa, ila kazi mimi naijua, na nimekuja kuchora sura yake kama alivyoamuru.

Alinitazama. "Weye binti, unaweza?"

"Naweza, chefu. Ila lazima mukae kwa kiti, niwachore vizuri. Mutu mukubwa hawezi kuchorwa mbiombio."

Alikaa siku tatu, saa moja kila siku, kidevu juu. Nilimchora kwa penseli. Aliniomba nipunguze shingo, nikapunguza. Aliniomba niongeze nywele mbele, nikaongeza. Siku ya pili nikamwambia kwa sauti ya upole, "Chefu, nikiwafanya ninyi sawa na bale bafanyakazi, batu hawatawajua. Si afazali mukuwe mukubwa kidogo?"

Akafikiri. "Mukubwa namna gani?"

"Mara mbili. Na juu yao."

Akacheka kwa ile sauti yake nyembamba. "Uko na akili, binti."

Siku ya tatu nilimletea mchoro uliokamilika. Nyuma ya kichwa chake nilikuwa nimechora duara la jua na miali ikitoka pande zote. Nikamwambia vigae vya njano vimebaki vingi, ni huruma kuvitupa. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu, na nikaona anavyojipenda. Nikamwomba aandike kwamba amekubali, kwa sababu mtunza ghala hatanipa vigae bila saini. Akaandika *bon*, yaani sawa, akatia saini na mhuri, nami nikaionyesha karatasi ghalani kisha nikaitunza.

Ni lazima nieleze jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Katika nchi yetu wakati huo kulikuwa na uso mmoja tu, wa Rais, wenye ruhusa ya kuwa mkubwa. Ulikuwa kwenye pesa, darasani, kwenye vitenge vya akina mama, kwenye beji za vifuani. Kila jioni televisheni ilipoanza habari, uso huo ulishuka kutoka mawinguni. Hakuna mwingine aliyekuwa na mbingu nyuma ya kichwa. Chefu alilijua hilo kama kila mtu alivyolijua, lakini mtu anayejitazama kwenye kioo haoni kilicho nyuma ya kioo.

Na mimi nilijua kitu kingine. Picha ya Rais yenye fremu ya shaba ingetundikwa juu ya mlango siku ya kufungua, na kulabu zake tuliziweka sisi, mimi na baba, kwa vipimo vilivyoletwa na mtu wa protokoli, yaani itifaki. Nilipanda na kamba nikapima kutoka kwenye kulabu zile. Kisha nikapandisha kichwa cha chefu shubiri moja na nusu juu ya picha ile.

Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Nilikata kila kipande kwa uangalifu, kope, mikunjo ya abakosti, hata kile kidoti kando ya pua. Waashi wakaniambia nina moyo mwema, kumtengeneza hivyo mtu aliyemtesa baba yangu. Nikaendelea kukata vigae. Nilipokwisha, ukuta ukafunikwa kitambaa cha kijani kungoja siku ya kufungua.

Komisari, mkuu wa jimbo, alitoka Lubumbashi na magari manne. Ilikuwa asubuhi yenye jua kali. Akina mama wa animasyo walicheza na kuimba sifa za Rais mpaka jasho likalowesha vitenge vyao. Baba alikataa kuja. Mimi nilisimama nyuma ya kamba pamoja na waashi. Chefu alikuwa amenyoa upya. Akavuta kitambaa mwenyewe.

Makofi yalianza, halafu yakafa. Komisari alikuwa amesimama chini ya ngazi. Aliitazama picha ya Rais juu ya mlango, akautazama ukuta, akarudi tena kwa Rais, kama mtu anayelinganisha urefu wa watoto wawili.

"Citoyen," akasema, maana sote tuliitwa hivyo, wananchi, "uyu njo nani?"

Chefu naye akainua macho ukutani. Alikuwa anaona kwa mara ya kwanza nilichokiona mimi kwa wiki mbili. "Ni mufanyakazi, Citoyen Komisari. Mufanyakazi tu."

"Mufanyakazi na jua kwa kichwa?"

Mama mmoja wa animasyo akacheka kabla hajajiziba mdomo. Komisari hakucheka. Chefu akageuka, akanitafuta kwa macho, akaninyooshea kidole. "Ni ule binti! Ni yeye alifanya, minye sikujua kitu!"

Nilitoka nyuma ya kamba. Nikaitoa karatasi kwenye pindo la kitenge. "Ni kweli, ni minye nilifanya. Chefu alikaa kwa kiti siku tatu nimuchore. Karatasi njo hii, alitia saini."

Komisari akaisoma. Akaikunja polepole akaitia mfukoni. Kisha akamwambia chefu, kwa adabu kabisa, apande naye gari, waende wakazungumze. Chefu alipopita mbele yangu nilimtazama machoni. Nilitaka ajue, na nadhani alijua.

Hakurudi kazini. Tulisikia alikaa ndani miezi mitatu, kisha akaachiwa bila cheo. Nyumba ya Serikali aliyokuwa akikaa ilichukuliwa wiki ileile. Nilikwenda kutazama. Mke wake alikuwa amekaa juu ya godoro kando ya barabara, sufuria na masanduku yamemzunguka, watoto wamelala juani. Nilipita, nikafika kona, nikarudi nikapita tena ili nione vizuri. Mara ya pili yule mama akaniinulia macho. "Yambo, mama," akanisalimia. Hakunijua. Nikamjibu yambo, nikaendelea na njia yangu. Salamu ile peke yake ndiyo ninayoionea haya katika mambo yote haya.

Siku kumi baadaye ikaja amri kwamba ukuta ufunikwe lipu. Wote, kuanzia bomba la kiwanda hadi baiskeli ya mwisho. Hakuna aliyetaka kukaa tena akifikiri ni sura ya nani iko pale. Wakatuita sisi, maana ni sisi tuliouchafua.

Baba alikuja safari hiyo. Tulichanganya mchanga na simenti. Nilianza kwa chefu. Nilimpiga mwiko wa kwanza mdomoni, wa pili machoni, na nilikuwa nikipiga mluzi. Baba alikuwa upande wa pili, anawafunika akina mama wenye mabeseni. Mwisho akasema, bila kugeuka, "Ulifanya makusudi."

"Ndiyo, papa."

"Ulijua watafunika ukuta muzima?"

"Hapana. Ila kama ningejua, ningefanya vilevile."

Akaendelea kulainisha lipu, akirudia palepale ambapo pameshalainika. "Ile miezi mitano ilikuwa mizuri," akasema. Hakunilaumu zaidi ya hapo, wala hakunishukuru. Alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mvua.

Baadaye nilifanya biashara ya samaki. Nilikuwa nikipanda lori hadi ziwa Tshangalele, nanunua kwa wavuvi, narudi kuuza sokoni Likasi. Siku moja kwenye kijiji cha kando ya ziwa nilimwona mtu akigeuza samaki kwenye tanda la kukaushia, amekonda, kaptula imechanika. Alipozungumza nikaitambua sauti ile nyembamba. Naye akanitambua.

"Ni weye," akasema. "Binti wa mozaiki. Ulinimaliza."

"Ndiyo, ni minye."

"Kwa nini? Nilikufanyia nini?"

Nilidhani anajifanya. Nikamtazama vizuri, nikaona hajifanyi. Alikumbuka gari la komisari, alikumbuka miezi mitatu, alikumbuka rangi ya vigae vya jua lile. Nyundo hakuikumbuka. Kaka yangu hakumkumbuka, wala karanga alizokula.

Nikaweka kapu chini nikamweleza. Nilimweleza tangu kipande cha kwanza baba alicholamba hadi cha mwisho kilichoniangukia begani. Alitaka kurudi kwa samaki wake, nikamwambia asimame, akasimama. Wanawake wengine waliacha kufanya bei wakasikiliza. Nilipomaliza alikuwa ameinamisha kichwa.

"Pole, mama," akasema.

"Sitaki."

Nikachukua kapu langu, nikaenda kununua kwa jirani yake, samaki wadogo zaidi na wa bei ya juu. Dereva wa lori alikuwa anapiga honi. Nilipanda nyuma, juu ya magunia, na njia yote hadi mjini niliendelea kumsemesha kimyakimya, nikiongeza mambo niliyosahau kumwambia.