Homa Isiyonilaza

Mimi na mdogo wangu tulilala kitanda kimoja huko Mangobo, Kisangani, na mbu walioniuma mimi walimuuma na yeye. Lakini malaria ikiingia nyumbani, mimi niliumwa kichwa, nikatapika kidogo, na kesho yake nilikuwa jikoni nikidai chakula. Yeye alibebwa hospitali macho yakiwa ya manjano, na papa, baba yetu, akaanza kuzunguka akitafuta mtu wa kumtolea damu.

Mdogo wangu alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Kisangani tunasema tu mtoto wa SS. Kuna siku mifupa ilimuuma mpaka hakutaka kuguswa hata na shuka. Jina la ugonjwa tulilijua. Ulikotoka hatukujua.

Nilipokuwa karibu kumaliza shule ya msingi, homa ilitupata wote wawili siku moja. Tantine, dada mkubwa wa papa, alipanda mtumbwi wa injini kutoka Yanonge kuja kutusaidia. Alikuwa mke wa mvuvi, na alikuwa amezika watoto wawili. Alitupikia, alitufulia, alikesha na mdogo wangu wodini. Niliponyanyuka na kuanza kuruka kamba uani huku mwenzangu bado yuko kwenye dripu, tantine aliacha kusema nami.

Jumapili, baada ya kanisa, aliwakalisha wazazi wangu sebuleni. Nilikuwa nje, chini ya dirisha, nikimenya mbika, zile mbegu za maboga.

"Mutoto huyu iko nakula damu ya mudogo yake," alisema. "Muangalie wenyewe. Mbu ni ileile, homa ni ileile. Moja iko nakufa, mwingine iko nanenepa."

Alitaka nipelekwe kwenye nyumba moja ya maombi aliyoijua, nikae huko bila kula mpaka nikiri uchawi. Papa alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, lakini ukimya wake siku ile ulinitisha kuliko maneno ya dada yake. Nami nikaanza kuamini. Kila mlo nilibakiza nusu ya chakula changu sahanini, nikidhani nikipungua mimi, mdogo wangu ataongezeka.

Mama ametoka katika zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walifika mjini kwa biashara. Alilelewa asibishane na wifi, na siku ile pia hakubishana. Alisema tu kwamba hakuna mtoto wake atakayetoka nyumbani kabla hajamuuliza daktari. Asubuhi aliniweka mbele, papa akafuata, na tantine naye akaja, kusikia kwa masikio yake.

Daktari alikuwa mwanamke, bado kijana. Alisikiliza yote, hata habari ya nyumba ya maombi, bila kucheka wala kukasirika. Kisha akatutoa damu, mama, papa na mimi, akatuambia turudi kwa majibu.

Tuliporudi alitueleza polepole. Kila mtoto hupokea damu yake sehemu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Papa alikuwa na sehemu moja ya selimundu, mama moja, mimi moja. Mdogo wangu alipokea mbili. Mwenye moja haumwi ugonjwa huo, na malaria humsumbua lakini mara chache humzidi nguvu: kijidudu kikiingia ndani ya chembe ya damu yake, chembe huharibika mapema, na mwili huiondoa pamoja nacho. Hapo mwili unapata nafasi ya kukizoea na kujifunza kupigana nacho. Mwenye mbili hana bahati hiyo. Damu yake tayari ni chache, na malaria huimaliza haraka.

Halafu aliniinamia mimi, akawaacha wakubwa.

"Hukukula kitu cha mudogo yako," aliniambia. "Mulipewa kitu kimoja. We ulipata nusu, ye alipata nzima."

Papa aliweka mkono wake shingoni mwangu.

"Alors ni mimi," alisema. "Ni mimi nilimupatia."

"Na mimi," mama akasema. "Tulimupatia wote wawili."

Tantine alikuwa amesimama mlangoni. Kwa sauti ndogo aliuliza kuhusu watoto wake, waliokufa mikono imevimba na macho ya manjano. Daktari akasema wafu hawezi kuwapima, ila yeye mama yao anaweza kumpima. Tantine akanyoosha mkono. Majibu yalipotoka, naye alikuwa na ile nusu. Alikaa kwenye benchi la baraza akalia sana, kwa sababu tangu mazishi yale alikuwa hamsalimii mama wa mume wake, akisema ndiye aliyewachukua wale watoto kwa uchawi.

Hakuniomba msamaha kwa maneno. Kabla ya kuondoka alinipikia lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa moshi, akasimama karibu yangu mpaka sahani ikawa tupu. Kisha alinunua sabuni na chumvi, akasema safari hii si za kuuza kijijini, ni za yule mama mkwe wake. Baadaye tulisikia kwamba wanapika pamoja.

Mdogo wangu aliendelea kuumwa, lakini sasa tulijua tunapigana na nini. Alitembea na chupa ya maji, alimeza vidonge vyake, na homa hata ndogo ilimpeleka hospitali siku ileile. Alikua. Leo ni fundi wa nguo, ana cherehani yake Makiso. Kijana alipokuja kumtaka, alimwambia aende kwanza akapime damu. Kijana alidhani anakataliwa. Alipima, akarudi na majibu mazuri, kwamba hana hata ile nusu, wakaoana. Mwaka huu amejifungua msichana kwa upasuaji, baada ya wiki za wodini zilizotuogopesha wote, na tantine, mzee sasa, ametoka Yanonge kuja kumwogesha mtoto.

Juzi nilimkuta mdogo wangu dukani kwake na wachumba wawili waliotaka nguo za harusi. Aliwauliza kama wamepima. Hawakuwa wamepima. Akaweka futi yake mezani, akawaelekeza maabara, akasema kitambaa kitawangoja. Walirudi na majibu, wameshikana mikono, msichana akicheka, na mdogo wangu akaanza kumpima mabega.