Aliyekataa Kuanzia Kushoto

Jumanne nilikwenda Ngara kununua kitambaa cha shati, nikakuta duka limefungwa mchana kweupe. Mwenye duka, Mhindi ambaye sijapata kumwona amekaa bure, alikuwa ameketi kwenye ngazi. "Rafiki yako hayuko tena," akaniambia. "Alikuwa nakunja jora, akashika kifua, akakaa chini. Kwisha." Tulimzika alasiri ile ile kama dini yake inavyotaka, na pale makaburini nikamsikia mtu akimnong'oneza mwenzake kwamba marehemu alitaka sana kuwa baharia, ila macho yake yalikuwa mabovu. Nilinyamaza kwa kuliheshimu kaburi. Leo sinyamazi. Huo ni uongo, na kwa kuwa safu hii ni yangu, nitausahihisha mbele yenu nyote.

Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, kofia haimtoki kichwani, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wa bara tuone haya kufungua mdomo. Aliuza vitambaa, akilala chumba cha nyuma ya duka, lakini haja yake ilikuwa moja tu: kazi katika meli za mizigo. Wakala wa kampuni moja ya meli alikuwa na ofisi hapa mjini, naye alikuwa radhi kumwandika, mradi alete cheti cha daktari kwamba macho, kifua na viungo ni vizima. Sharti la haki, maana baharia asiyeiona taa ya meli nyingine ni hatari kwa wote waliomo. "Naitaka bahari," aliniambia, "kwa sababu huko hakuna askari wa kona. Hapa nikitoka dukani kwenda msikitini naulizwa kipande mara ngapi? Hata udhu wanitoka kwa hasira." Katika miaka hii ya Hali ya Hatari, nani asingemwelewa?

Basi mwaka juzi akaenda kwa daktari, Mzungu mmoja mwenye chumba chake katikati ya mji. Akaonyeshwa ule ubao wa herufi, kubwa juu, ndogo chini, akaambiwa asome. Akasoma. Daktari akatikisa kichwa, akamwambia kwa Kiswahili kile cha masetla wa mashambani, "Wewe hapana ona. Kwenda." Alirudi dukani analia kwa hasira. "Mimi sioni? Mimi! Wallahi, tundu la nondo naliona kwenye jora nikiwa mlangoni!"

Jumapili yake tulikuwa chumbani kwake na rafiki yetu mmoja, mtu wa bara, upande wa magharibi, muumini wa kanisa na mpishi katika nyumba moja kubwa huko Lavington, mwenye mzaha usiokwisha. Mpishi akasema dawa ya daktari ni rahisi: wengi wanaofaulu huzikariri zile herufi kabla ya kwenda. Akararua kipande cha boksi, akachora herufi kwa mkaa, safu kwa safu, akakiegemeza dirishani. "Haya, Mswahili, soma kwanza, halafu utazikariri kama sala." Mwenzetu akasoma. Mpishi akaanza kucheka, akacheka mpaka akaanguka kitandani. "Weee! Kwani unaanzia wapi?"

Alikuwa anaanzia kulia. Utotoni, katika chuo cha Kurani, alifundishwa kusoma kwa herufi za Kiarabu, nazo huanzia kulia kwenda kushoto. Hizi za Kizungu alijifunza ukubwani, kwenye lebo za majora. Neno zima alilisoma bila shida, lakini ubao ule hauna maneno, una herufi tupu, na jicho lake lilikwenda lilikozoea. Daktari alisikia herufi ya mwisho mahali pa herufi ya kwanza, akaamua kwamba ana kipofu mbele yake.

"Basi yamekwisha," nikasema. "Rudi kesho, anzia kushoto, uchukue cheti chako."

"Sianzii kushoto."

"Ubishi wa nini tena, ndugu yangu?"

"Niliulizwa kama naona. Sikuulizwa nimesomea wapi. Nikianzia kushoto nitakuwa nimekubali kwamba juzi sikuona."

"Basi kariri tu," mpishi akasema.

"Nikariri! Na taa ya meli nyingine ikitokea gizani, hiyo nitakuwa nimeikariri wapi?"

Mpishi akamkumbusha kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Yeye akasonya. "Huu tumeubusu mpaka midomo imekauka, na bado unatupiga makofi."

Wasomaji wangu, nimelifikiria sana jibu lile. Mji huu umetufundisha kuinama kabla hatujaguswa. Tunapimwa kila mlango: ofisini, hospitalini, barabarani, na anayetupima akikosea sisi ndio tunaojirekebisha ili kosa lake lisionekane. Tunaliita jambo hilo busara. Mimi naliita kwa jina lake, nalo ni woga, na nimechoka kulisikia likisifiwa.

Kesho yake nilimsindikiza tena kwa yule daktari, naye akaniacha niingie akidhani mimi ni mkalimani. "Wewe tena? Mimi nasema hapana ona!"

"Naona, bwana daktari. Ila mimi naanzia kulia. Weka fimbo yako huko unifuate."

"Hapana! Soma kama watu!"

"Mimi ni mtu, na hivi ndivyo ninavyosoma."

Nikaona cheti kinaota mbawa. Daktari akawa mwekundu, akanyakua fimbo, akaanza kuugonga ubao ovyo ovyo, juu, chini, katikati, ili amkomeshe. Kila fimbo ilipogusa, herufi ikatajwa, hata zile ndogo za chini kabisa. Mwishowe daktari akaishusha fimbo. "Macho mzuri," akasema, akaandika. Kisha akamwambia avue shati, akamwekea kipimo kifuani, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena. Safari hii hakuwa na hasira. "Moyo yako mbaya. Hapana meli. Pole sana."

Nilifungua mdomo nibishe, mwenzangu akanizuia kwa mkono. "Una hakika, bwana daktari?" Daktari akamtia ile mipira ya kipimo masikioni, naye akausikiliza moyo wake mwenyewe, ukipiga, ukiruka, ukipiga. Akaivua taratibu. "Haya. Na macho, umeandika ni mazima?" Daktari akamwonyesha. "Ahsante," akasema, akavaa shati lake.

Njia nzima hadi Ngara alilia, mtu mzima, mbele za watu, wala hakujifuta. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira. Nikamwuliza ubishi wote ule ulikuwa wa faida gani, ikiwa bahari ameikosa vile vile. "Leo naulilia moyo wangu," akanijibu. "Juzi nililia kwa kosa la mtu mwingine. Si kilio kimoja."

Moyo huo huo ndio uliomchukua Jumanne, na sina ugomvi nao. Kila mmoja wetu ana kasoro yake, na iliyo yetu tuibebe bila kelele. Lakini kasoro ya kubandikwa na mtu aliyesimama upande mmoja akadhani dunia nzima imesimama naye, hiyo mrudishieni mwenyewe, hata kama cheti kitachanwa mbele ya macho yenu. Mkiambiwa hamwoni, msiinamishe vichwa. Mwulizeni anayewapima ameanzia upande gani.