Mshenga na Kompyuta Mbili

Naikumbuka Jumamosi moja ya vuli, mwanangu, miaka ile kompyuta zilipoanza kuonekana maofisini. Nilikuwa kijana wa Temeke, nikimwandikia programu muuza vipuri mmoja. Kompyuta ya kaunta ilitakiwa iite kazi kwenye kompyuta ya stoo, nayo ijibu kana kwamba kazi imefanyika palepale kaunta. Ndiyo hiyo huduma ya kuita kwa mbali unayoniuliza leo. Mie nilikuwa naota macho wazi, namuwaza Rehema, binti wa Mabibo.

Jirani yetu Mzee Kondo alikubali kuwa mshenga wangu. Jumamosi hiyo nikamwamkia, nikamwomba aende akaniposee. Akacheka.

"Marahaba, lakini hujanituma bado. Naenda kwa nani? Nimebeba nini? Wakikubali watanipa neno gani, na wakikataa je? Mjumbe hauawi, ila kupotea anapotea."

Tukapanga yote kabla hajavaa kanzu. Ofisini nami nikaandika vivyo hivyo kwenye karatasi: jina la kazi, ulizaIdadi; kinachotumwa, namba ya kipuri; kinachorudi, idadi iliyobaki. Stoo inahesabu vipi, hilo haliihusu kaunta. Hata mimi sikuhitaji kujua nani atakaa mkeka gani kule Mabibo.

Barua ya posa ikaenda. Wiki zikapita, kimya. Nilikuwa nikiangalia mvua ikishuka batini, moyo umekuwa mzito, nikijua nimekataliwa. Shangazi akanitajia binti wa Boko, nami nikaanza kuitikia kwa kichwa. Mzee Kondo aliposikia alinifuata barazani, amekasirika.

"Nani kakwambia wamekataa?"

"Si wamenyamaza, mzee."

"Hapana ni jibu. Kimya si jibu. Sie tunapigaga hodi tena."

Akarudi Mabibo. Kumbe baba yake Rehema alikuwa msibani Kilwa, na barua haijafunguliwa. Aliporejea akaisoma, akamwuliza binti yake, wakakubali. Ningemfuata shangazi, mwanangu, usingekuwepo leo kuniuliza swali hili.

Jumatatu iliyofuata niliifungua programu yangu, nikaona haya. Waya ukilegea, kaunta ilikuwa ikiandika sifuri, na mteja anaambiwa hakuna kipuri wakati kimejaa rafuni.

Basi unapoanza, usikimbilie kibodi. Taja kwanza jina la kazi, kinachokwenda, kinachorudi, na namna ya kukataa. Halafu weka muda wa kungoja, na la kufanya muda huo ukiisha. Kuuliza si ujinga, na kuuliza idadi mara mbili hakupunguzi kitu stoo. Kazi ya kutoa kipuri ndiyo uwe nayo macho kabla hujairudia, huenda ile ya kwanza ilishafanyika na jibu tu ndilo lililopotea njiani. Sifuri na kimya usivichanganye maisha yako yote.

Mungu akujalie unaowaita wakuitikie. Na asiyeitika, akupe moyo wa kumrudia kabla hujaenda Boko.