Nilivyomjibia Mke Wangu

Binti aliyekuja kijijini kwetu Nyakatuntu, wilaya ya Kyerwa, kupima kumbukumbu za wazee alituamkia shikamoo huku macho yakiwa kwenye simu. Programu iliyokuwa humo, alisema, ingeijua akili ya mke wangu kwa dakika kumi. Mimi nimeishi na akili hiyo miaka zaidi ya arobaini na sijaimaliza.

Simu iliuliza tarehe, wakati mke wangu siku anazijua kwa gulio na misa. Ikamwonyesha ngamia. Ngamia, Kyerwa! Kisha ikataka achore saa, na nyumbani kwetu saa ya ukutani haijawahi kuwapo. Aliyetunga upuuzi ule hakuwahi kukaa na mwanamke anayelima.

Lakini mpumbavu mkubwa nilikuwa mimi. Binti hakujua Kinyambo, lugha ya mke wangu, nami nilimaliza kidato cha nne, basi nikawa mkalimani. Mke wangu alipotakiwa kurudia maneno matano alikumbuka moja, kisha akaanza kumzungumzia dada yake aliyekwisha kufa. Nikatafsiri matano.

"Tena kwa mpangilio," binti akasifu.

Niliona aibu mke wa msomi ashindwe mbele ya mgeni. Kioo cha simu kikaonyesha kijani: hana tatizo.

Baadaye wakwe zetu walikuja kutoka Ihembe. Mke wangu akawapikia embire, ndizi za kutengenezea pombe, yeye aliyekuwa akiitambua migomba yote kwa kuipita tu. Wakwe walimeza uchungu ule kwa adabu. Walipoondoka nikamwambia, "Simu ilisema huna tatizo. Kwa hiyo umefanya makusudi."

"Kama simu imesema," akajibu, "basi."

Tangu siku hiyo hakuniuliza tena jambo lililomponyoka. Nilikuta vitambaa vimefungwa kwenye baadhi ya migomba nikadhani ni uchafu wa watoto wa jirani, nikavifungua vyote. Siku iliyofuata nilimkuta amesimama katikati ya shamba, panga mkononi, hajui akate upi.

"Nani ametoa alama zangu?"

"Ni mimi."

Hakunigombeza. Alinitazama kama anayemtazama mtu wa kupita njia, nami nikaogopa.

Nikampeleka hospitali. Daktari kijana naye hakumtazama mgonjwa. Alifungua simu yake, yenye programu ileile, akanionyesha ile kijani. "Mzee, bibi alishapimwa. Yuko vizuri."

"Aliyepimwa ni mimi," nikasema. "Majibu yote ni yangu."

Akacheka, akidhani natania. Ikabidi nieleze tena, taratibu, neno moja alilokumbuka yeye na manne niliyoongeza mimi, mke wangu akiwa pale kwenye benchi, amekumbatia mkoba wake, anasikia yote.

Nilipomaliza akamgeukia daktari, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Sasa niulize mimi."