Neno "Chochote" Mbele ya Mashahidi

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani kujizaba kibao. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nimefungiwa chumbani kwetu Igalula, nimepakwa hina hadi viwikoni, nasubiri kuozwa. Chini ya godoro nilikuwa na barua ya kuitwa chuo cha ualimu.

Bibi yangu mzaa mama, mwanamke wa Ipole, hakujua kusoma, lakini sheria ya ndoa aliijua kuliko wanaume wengi waliojaa barazani. Wiki nzima alikuwa akinifunda. "Shehe atakuja mlangoni na mashahidi wawili," aliniambia. "Atakuuliza matatu. Kwanza, umemridhia huyu mume? Hapo ukiinamisha kichwa ukanyamaza inatosha, haya yako ndiyo jibu. Lakini mahari ni haki yako, uyataje mwenyewe. Na sharti ni haki yako, uliseme mwenyewe. Sema unataka kusoma. Hapo kimya hakitoshi, mayu." Mayu ni mama kwa Kinyamwezi, ndivyo alivyozoea kuniita.

Nikaitikia ndiyo bibi, ndiyo bibi. Kichwa changu mimi!

Shehe akaja. Swali la kwanza nikanyamaza, vizuri. La pili, la mahari, nikasema, "Chochote." La tatu, kama nina sharti, nikatazama vidole vyangu vya miguu nikasema, "Sina." Shangazi zangu wakapiga vigelegele, eti binti ana adabu. Adabu gani? Ulikuwa woga mtupu. Niliogopa mawifi wasije wakasema nimeingia kwao na mdomo mrefu.

Bibi hakupiga kigelegele. Wanaume walipotoka alinishika sikio, mimi bibi harusi na asumini zangu kichwani, akalisokota.

"Sheria hii ilifika huku na misafara ya miguu, kabla ya reli," alisema. "Imekupa nafasi moja ya kusema watu wote wakusikilize, na wewe umeitupa. Ulidhani ni haki peke yake? Kuulizwa ni haki yako. Kujibu ni wajibu wako."

Nilinuna, nikaona mzee ananiharibia siku yangu.

Mume wangu Salum alikuwa na duka la vitambaa Tabora mjini. Alinilisha, alinivisha, hakuninyanyasa hata siku moja. Nikasubiri aiguse habari ya chuo. Hakuigusa. Muhula ukafunguliwa bila mimi. Basi nikamnunia, na usidhani nilinuna wiki. Nilinuna miaka kumi na nne, mwanangu! Wali ulipikwa, nguo zilifuliwa, wageni wake walipokewa vizuri, lakini moyoni nilishamhukumu kwamba ndiye aliyenifungia maisha. Akiniuliza nina nini, namjibu sina kitu.

Binti yetu wa kwanza alipofaulu kwenda sekondari, nikalipuka palepale dukani. "Huyu hutamnyima shule kama ulivyoninyima mimi!"

Salum alikuwa anakata kitambaa. Akaweka mkasi chini.

"Nani alikunyima?"

"Wewe!"

"Igalula nzima ilijua una barua ya chuo. Nilijua utaweka sharti, na nilishamwomba dada yangu anayekaa karibu na chuo akuandalie chumba kwake. Shehe akarudi barazani akasema huna sharti. Nikajua umeghairi."

"Si ungeniuliza!"

"Nilikuuliza, mke wangu. Mbele ya mashahidi wawili."

Nikakaa juu ya marobota ya vitambaa nikalia, mteja amesimama ananitazama. Chuo nilishazoea kukililia. Siku hiyo nililia ile miaka niliyomnunia mtu asiye na kosa.

Haya, sasa juzi nimemuuliza mjukuu wangu anayeolewa mwezi huu hapa Itetemia, atataja nini. Ana chumba chake cha kushona, wateja wamejaa, na mchumba anataka wahamie Dar. Ananijibu huku anachagua picha kwenye simu, "Chochote tu, bibi, poa." Poa! Nusura niitupe simu yenyewe chooni. Haki za mwanamke anazijua zote, kutwa anazisambaza huko kwenye simu. Akiulizwa za kwake mwenyewe, poa.

Kwa hiyo sikia, mwanangu, maana nimechoka kurudia. Ndoa ni mkataba, na mkataba una pande mbili. Mumeo ana wajibu wa kukutunza, nawe una wajibu wa kutunza nyumba yake, heshima yake na siri yake. Lakini kabla ya hayo yote unao wajibu wa kusema kweli unataka nini. Kama ni kazi, itaje. Kama ni kumuuguza mama yako, mtaje. Akikataa, utajua mapema, kabla hujahamisha hata sufuria. Akikubali, nawe timiza yako bila kinyongo. Usikae kimya ukaja kumdai mtu kitu ambacho hukukitamka.

Mwenyezi Mungu akupe mwenza mwenye masikio, na wewe akulegezee ulimi siku utakayoulizwa. Amina.