Mwalimu Ndiye Anayetangulia

Saa tisa alasiri, nyuma ya nyumba yake chini ya Mlima Ngozi mkoani Mbeya, Lusekelo Mwakalinga anawapandisha wageni kilima kifupi hadi kwenye tenki la maji la kijiji. Kila mmoja kabeba dumu la lita tano. Yeye kashika saa, anacheka.

"Hapa simtafuti mwenye mbio," anasema mwongoza watalii huyu mwenye miaka 44. "Namtafuta wa mwisho. Huyo ndiye anayenipangia safari."

Wa mwisho leo ni Verediana Kihwele, 68, mwalimu mstaafu kutoka Iringa. Amekuja na wanakwaya wenzake watano kulitazama jua likichomoza juu ya volkano hii iliyolala. Anafika kwenye tenki akihema, kofia mkononi.

"Mwalimu abaki atuchemshie chai," anasema Eveline, kiongozi wa kwaya. "Tukimsubiri, jua litatuacha."

Thubutu! Verediana amefundisha jiografia miaka 31, akichora ubaoni kwa chaki ziwa la kreta, lile la ndani ya shimo la volkano, na hajawahi kuona hata moja. "Nimekuja kuona, mwanangu. Chai nimechemsha vya kutosha!"

Lusekelo anapiga hesabu kwa vidole. Badala ya saa tisa usiku, wataondoka saa saba na nusu. Kwaya nzima inaguna. Tena Mwalimu atatangulia, na ni marufuku kumpita.

Zamani Lusekelo alibeba viazi vya watu hadi gulioni. Huu ni mwaka wake wa sita wa kuongoza wageni, kwa shilingi 40,000 kwa siku, na masika hukaa bure. Kosa la mwanzo hajalisahau: aliwatanguliza wenye nguvu, mzee mmoja akaliona jua akiwa bado msituni, kupitia majani.

"Na akanishukuru, jamani! Afadhali angenitukana."

Alfajiri, mbingu ikianza tu kuwa nyekundu, Verediana ndiye wa kwanza kukanyaga ukingo wa kreta. Jua linachomoza, ukungu unanyanyuka, ziwa hilo hapo chini, la kijani.

"Mungu wangu! Miaka yote nilichora duara kama sahani," anapiga kelele, "kumbe lina umbo la Afrika!"

Eveline anamkumbatia, analia na kucheka. Kwaya inaanza kuimba bila kuambiwa.

Sasa Lusekelo ana mpango wa Septemba: kuwapandisha bure wanafunzi wa darasa la saba wa kijijini kwake, waliozaliwa chini ya mlima na hawajawahi kufika juu. Verediana ameahidi kuja kuwafundisha somo la ziwa la kreta papo hapo ukingoni.

Ataweza kupanda tena?

"Ataweza," anasema Lusekelo. "Watoto wote arobaini watakuwa nyuma yake."